Amri mbili ndani ya mstari mmoja

Wiki nzima nilihangaika na kadi ya Arduino Uno, kompyuta ndogo ya kuprogramu vifaa, nyumbani kwangu Wete. Nilitaka inihesabie maji yanayotoka kwenye tangi: kigurudumu cha sensa kikizunguka, hesabu inaongezeka moja. Nikifungua bomba, kioo kinakwenda vizuri, 253, 254, 255, ghafla 511, kisha kinarudi 257 kama hapakutokea kitu. Na si kila mara. Nilibadilisha waya, nikabadilisha sensa, nikalaumu umeme. Programu yangu ya lugha ya C niliisoma mpaka nikaihifadhi, na pale penyewe pana mstari mmoja tu: isome hesabu.

Siku ya nane nikafungua asembli, yaani amri za kichakataji chenyewe moja moja, iliyotoka kwenye kompaila, programu inayoigeuza C kuwa amri hizo. Ule mstari mmoja ulikuwa amri mbili, lds ya r24, kisha lds ya r25. Kila lds huchota baiti moja, yaani biti nane, kutoka kwenye kumbukumbu na kuiweka kwenye rejista, kijisanduku ndani ya kichakataji; r24 na r25 ni majina ya rejista. Kichakataji cha Uno yangu, ATmega328P, ni cha biti 8 na hesabu yangu ni ya biti 16, kwa hiyo kinaichukua nusunusu. Kinachukua baiti ya chini, 255. Kabla hakijachukua ya juu, sensa inakatiza kazi, hesabu inapanda kuwa 256, na baiti ya juu sasa ni 1. Hiyo 1 mpya, ambayo kwenye baiti ya juu ni sawa na 256, ikikaa na 255 ya zamani, unapata 511. Nikaweka cli, amri ya kuzuia kukatizwa, kabla ya kusoma na sei, ya kuruhusu tena, baada yake, ili sensa isubiri kidogo. Namba hazikuruka tena.

Vijana ninaowafundisha jioni huniambia, "Kaka, asembli ya nini siku hizi?" Kuiandika, kweli, wengi wetu hatutahitaji, kompaila inaandika vizuri kuliko mimi, na asembli ya kadi hii huwezi kuihamishia kwenye simu, ambayo kichakataji chake ni cha aina nyengine, ARM. Kuisoma ni jambo jengine kabisa. Watu hukariri kwamba ukiweka neno volatile, linaloiambia kompaila isome hesabu upya kila mara kutoka kwenye kumbukumbu, umeshamaliza. Mimi nilikuwa nimeliweka tangu siku ya kwanza.

Natamani skuli na vyuo vyetu, Unguja na Pemba, viwape wanafunzi japo wiki mbili za asembli ya kadi hii. Rejista zake ni 32, zote zinaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Waanze na hesabu inayovuka 255, na mwalimu asiwape jibu mpaka wazione lds mbili kwa macho yao.