Nywila mpya kila siku 90: kinga au usumbufu?

Karibu kila ofisi inaujua ujumbe huu, na hupenda kutokea asubuhi mtu akiwa mbioni: muda wa nywila yako umekwisha, weka nyingine. Iwe na herufi kubwa, namba na alama, na isiwe miongoni mwa zilizopita. Basi Kipepeo#7 inageuka Kipepeo#8 na kazi inaendelea. Mkaguzi akija atakuta sharti limetimizwa. Mdukuzi naye, kama alikuwa na ile ya 7, hahitaji akili nyingi kuipata ya 8.

Mmoja wa waliolipatia nguvu sharti hili ni Bill Burr, aliyeiandikia taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, mwongozo wa nywila mwaka 2003. Mwaka 2017, akiwa ameshastaafu, aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia mengi kati ya aliyoyaandika. Mwaka huohuo NIST ikageuka: mifumo isiwalazimishe watu kubadilisha nywila kwa kalenda tu, ila iwalazimishe pale panapokuwa na dalili kwamba imeibwa.

Hata hivyo, wanaolitetea sharti hili si wajinga, na hoja yao nzito ni moja. Nywila ikiibwa, mwenyewe hajui. Haipungui, haipotei, inaendelea kumfungulia kama kawaida. Mwaka 2012 Dropbox, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, ilivamiwa kwa sababu mfanyakazi wake alitumia nywila ileile aliyokuwa nayo LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, ambako ilikuwa imekwisha kuvuja. Ukubwa wa hasara ulikuja kujulikana 2016, miaka 4 baadaye: akaunti zipatazo milioni 68. Kwa muda wote huo, aliyebadilisha nywila yake kwa mazoea tu, bila kuambiwa na mtu, alikuwa salama kuliko aliyesubiri taarifa. Hili huwezi kulipuuza.

Tatizo ni kwamba hoja hiyo inamchukulia mtumiaji kuwa anaweka nywila mpya kweli. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina walichunguza akaunti zaidi ya 7,700 zilizokwishafungwa, kila moja ikiwa na mlolongo wa nywila ambazo mwenyewe alilazimishwa kuzibadilisha. Walichukua nywila ya zamani na kujaribu kukisia iliyoifuata. Katika asilimia 41 ya akaunti, kompyuta iliipata kwa chini ya sekunde 3. Katika asilimia 17 hawakuhitaji hata majaribio 5, yaani wangeweza kuyafanya kwenye ukurasa wa kawaida wa kuingilia kabla mfumo haujawafungia. Watu si wavivu. Wanalinda kumbukumbu zao. Ukimtaka mtu akariri kitu kigumu mara 4 kwa mwaka, kwenye mifumo mitano, atatafuta njia ya mkato au ataandika kwenye karatasi na kuibandika chini ya kibodi.

Tena mwizi hasubiri miezi 3. Akiingia kwenye barua pepe leo, jambo la kwanza anaweza kuweka mpangilio wa kupeleka nakala ya kila ujumbe kwenye anwani yake. Baada ya hapo badilisha nywila utakavyo, nakala zitaendelea kumfikia hadi mtu aufungue ukurasa wa mipangilio na kuifuta amri ile. Ni wangapi huufungua?

Kuna kisa cha zamani kinachoonyesha mzigo unavyotupwa kwa asiyehusika. Mwaka 1962 pale MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, mtafiti Allan Scherr aliona saa za kutumia kompyuta alizopangiwa hazimtoshi. Akaomba mashine ichape faili lenye nywila za watumiaji wote, nayo ikachapa. Kimaadili alikosea, hata kama leo kinasimuliwa kwa kicheko. Lakini wenzake wangebadilisha nywila kila wiki wangeambulia nini? Angechapa tena. Kosa lilikuwa la mfumo uliohifadhi siri za watu zikiwa wazi, na hakuna bidii ya mtumiaji ambayo ingeliziba.

Kwa hiyo nakubaliana na NIST, ila kwa sharti ambalo ofisi nyingi zitapenda kulisahau. Mwongozo wa 2017 haukufuta ubadilishaji ukaishia hapo. Ulitaka pia nywila mpya ilinganishwe na orodha za zilizokwisha kuvuja, na mifumo ikubali nywila ndefu. Kulinganisha si kazi kubwa siku hizi. Have I Been Pwned, huduma yenye orodha za nywila zilizovuja, aliyoianzisha mtaalamu wa usalama wa mtandao Troy Hunt mwaka 2013, inaruhusu mfumo kuuliza bila kuitaja nywila yenyewe: nywila inageuzwa kuwa mlolongo wa herufi na namba usiosomeka, na zinazotumwa ni herufi au namba 5 za mwanzo wa mlolongo huo tu. Taasisi inayofuta sharti la siku 90 bila kuweka haya imejipunguzia malalamiko, basi.

Mahali ambapo sharti la kalenda huokoa watu kweli ni kwenye akaunti za pamoja, ile nywila ya idara ambayo watu 6 wanaijua na wa saba ameshaacha kazi. Siku nywila hiyo ikibadilishwa, yule aliyeondoka anabaki nje. Lakini hapo tunatibu uzembe kwa bahati. Kumbukumbu za mfumo zitaonyesha jina moja hata kama aliyefuta faili ni mwingine, na asiye na hatia hana pa kujitetea. Kila mtu apewe akaunti yake, na akiondoka ifungwe siku hiyohiyo.

Kanuni za usalama wa kadi za malipo, PCI DSS, katika toleo la 4 la mwaka 2022, hazikulitupa sharti la siku 90. Zililibakiza kwa akaunti ambayo nywila ndiyo uthibitisho pekee, na hata hapo mfumo unaweza kuchagua kuchunguza hali ya usalama wa akaunti papo kwa papo badala ya kuhesabu siku. Ukiongeza uthibitisho wa pili, kwa mfano namba inayotolewa na programu kwenye simu, sharti linaondoka. Naona huo ni mgawanyo wa mzigo ulio wa haki zaidi kuliko ule wa kumwamsha kila mfanyakazi na Kipepeo#9.