Mama Mweusi wa Marekani na Mama wa Visiwani

Zikitajwa takwimu za vifo vya uzazi vya wanawake weusi Marekani, hapa Mwanza utasikia: hayo ya wenzetu, sisi hatuna Mzungu wa kutubagua leba. Naona tunajidanganya.

Mwaka 2023 wanawake weusi wa Marekani walikufa kwa uzazi kwa kiwango cha 50.3 kwa kila vizazi hai 100,000. Kwa Wazungu ni 14.5. Vichanga vyao navyo hufa mara mbili zaidi kabla ya kutimiza mwaka. Umaskini umo, sikatai, lakini Serena Williams, bingwa wa tenisi, ana umaskini gani? Mwaka 2017, siku moja tu baada ya kujifungua kwa upasuaji, pumzi zilimbana. Damu iliwahi kumganda kwenye mapafu, kwa hiyo dalili alizijua, akaomba kipimo na dawa kwa majina. Muuguzi akadhani dawa za maumivu zimemchanganya. Ilibidi ang'ang'anie hadi kipimo kilipofanyika, na mabonge ya damu yakaonekana.

Wengine husema ni damu, mtu mweusi kaumbwa hivyo. Hapo wanatugusa sisi, maana asili inayosemwa ndiyo yetu. Mwaka 1997 madaktari Richard David na James Collins walichapisha utafiti kuhusu watoto waliozaliwa Illinois. Watoto wa mama weusi waliotoka Afrika walikaribiana uzito na watoto wa Wazungu. Wadogo zaidi walikuwa wa mama weusi wazaliwa wa Marekani. Ingekuwa ni damu, mambo yangekuwa kinyume. Kinachomuumiza yule mama ni maisha ya kubaguliwa tangu utotoni, kisha kufika hospitali asisikilizwe.

Sisi wenyewe hatukuusikia ubaguzi huo redioni tu. Dar es Salaam, Wajerumani walijenga hospitali ya Ocean Road kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walikuwa wa hospitali ya Sewa Haji. Rangi ikaondoka, madaraja ya watu yakabaki.

Mtazame mama aliyevuka na mtumbwi wa mashine kutoka visiwa vya Ziwa Victoria. Kanga imelowa chini, Kiswahili chake kina lafudhi ya kisiwani, kwenye mfuko hana glovu wala pamba. Niliwahi kukaa benchi moja na mama wa namna hiyo nilipomsindikiza shemeji. Miguu imemvimba, anasema kichwa kinamgonga na macho yanaona nyotanyota. Muuguzi hata hakuinua uso: "We mama, wa kwanza kubeba mimba ni wewe?" Shemeji yangu, aliyefika nyuma yake, alikuwa ameshapimwa presha, kwa sababu tu dada mmoja wa pale anamfahamu. Mpaka bibi mmoja alipofoka ndipo yule mama akafungwa kile kitambaa mkononi. Presha ilikuwa juu, wakaanza kukimbizana. Hizo ni dalili za hatari za kifafa cha mimba, na kila kliniki zinafundishwa.

Najua zamu ya usiku muuguzi mmoja anaelemewa na wazazi wengi. Ila mbona uchovu huo haumfikii mwenye ndugu pale ndani?

Yaliyofanyika si haba. Kwa tafiti za taifa, vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015-16 hadi 104 mwaka 2022. Ukipiga 115, gari la m-mama linamfuata mjamzito kijijini. Daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa 2025, na mgonjwa wa Sengerema hasubiri tena kivuko. Vyote hivyo vinamfikisha mlangoni.

Mama akifariki, kikao cha uhakiki hukaa: damu ilikuwepo? Rufaa ilitoka saa ngapi? Mimi ningeongeza maswali mawili kwenye fomu ya kikao hicho, na yajibiwe mbele ya ndugu zake: alianza kusema anaumwa saa ngapi, na aliyekuwa zamu alimjibu nini?