Ufunguo wa kabati la vitabu uko kwa nani?

Ukifika kwenye kabati la vitabu la shule au la ofisi ya mtaa, anza kwa kutazama kufuli. Likiwa na vumbi, hakuna haja ya kuuliza mle ndani kuna vitabu vingapi. Ufunguo uko kwa mtu mmoja, na mtu huyo yuko semina Dodoma.

Mazungumzo ya usomaji hapa Moshi huishia kwenye "tutafute wafadhili watuletee vitabu". Naona tunabisha mlango usio wetu. Maktaba ya mkoa ipo katikati ya mji. Anayekosa ni yule ambaye saa za maktaba ndizo saa zake za kutafuta riziki: mama lishe wa Mbuyuni, kijana wa bodaboda, dada wa kazi za ndani. Ukimdai dhamana ya fedha na barua ya mtendaji ili aazime riwaya moja, umemfukuza kwa adabu.

Tulishawahi kulijua hili. Kampeni ya elimu ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya, ya mwaka 1973, iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2 kwa vikundi vya redio, na kila kikundi kilikuwa na kijitabu, saa ya kipindi na kiongozi wa kukiendesha. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilionyesha wasiojua kusoma wamebaki chini ya asilimia 10. Lakini mtu aliyefundishwa herufi kisha akakosa cha kusoma, herufi humtoka. Siku hizi tunanunua kijitabu, saa na kiongozi tunaviacha.

Kabati la mtaa si jambo kubwa. Vitabu 120 vinatosha kuanzia, ila viwe majina 40, nakala 3 kila kimoja, kwa sababu utamu wa hadithi ni kuibishania na jirani aliyeisoma pia. Ubao uwe wa inchi moja, na kila rafu isizidi sentimita 80 bila nguzo, la sivyo itapinda katikati. Liinue sentimita 15 kutoka sakafuni na liache nafasi ukutani. Masika ya huku hupandisha unyevu, na mchwa hupitia ukutani kimyakimya. Rafu moja iwe ndefu kwenda juu na pana, kwa ajili ya vitabu vya nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole: riwaya moja ya kawaida ikichapwa hivyo huwa juzuu kadhaa kubwa. Rafu isipopimwa mapema, vitabu vya wasioona huishia kwenye boksi chini ya meza.

Kuazima kuandikwe kwenye kaunta buku: jina, kitabu, tarehe, simu. Siku 14. Faini ya hela isiwepo kabisa. Mtoto anayedaiwa shilingi 500 harudishi kitabu wala harudi mwenyewe, hivyo mmepoteza viwili. Kubalini tangu mwanzo kwamba kitabu 1 katika kila 10 hakitaonekana tena, na mkitengee bajeti. Kitabu kilichopotea huenda kinasomwa. Cha kabatini chenye kufuli hakisomwi na yeyote.

Hela ndipo wengi wanapokwama. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na anayepeleka ombi Mei amekuta kasma, yaani mafungu ya bajeti, zimeshagawanywa. Hoja ipite mkutano wa mtaa kwenye Oktoba hivi, iandikwe kwenye muhtasari, ndipo iende Kamati ya Maendeleo ya Kata na halmashauri. Kosa linalorudiwa ni kuandika "ununuzi wa vitabu" peke yake. Andikeni pia posho ya mhudumu wa kufungua saa 10 jioni hadi saa 1 usiku na Jumamosi mchana, na umeme wa taa. Bila mistari hiyo miwili mmenunua fanicha.

Wapo watakaosema diwani hawezi kutetea hadithi za mapenzi na za upelelezi wakati barabara ina mashimo. Basi wanashawishika kujaza kabati vitabu vya kilimo bora na ujasiriamali, kana kwamba maskini hana haki ya kusoma kitu kisicho na faida. Mwenye uwezo hatuulizi riwaya yake itamletea nini. Mwacheni na muuza nyanya akeshe akitaka kujua muuaji ni nani. (Vile vya Kiingereza vilivyochoka, vinavyokuja kwa makontena, vikataeni kwa heshima. Vinajaza rafu tu.)

Na ufunguo uchongwe mara 3: mmoja kwa mhudumu, mmoja kwa mwenyekiti wa mtaa, na mmoja kwa mwenye duka la jirani, yule anayefungua alfajiri na kufunga saa 3 usiku.