Kamera iliyokwama haijafa, tatizo ni haraka zetu

Kamera nyingi za mkanda wa filamu nilizoziona zimeharibika moja kwa moja hazikuharibiwa na umri. Ziliharibika siku ile zilipokwama, mikononi mwa mtu aliyetaka kuzikwamua. Mkono wa kuvutia mkanda umegoma, akauvuta kwa nguvu. Kifuniko kimekataa kufunguka, akakichokonoa kwa kisu. Mwisho akamiminia mafuta ya cherehani, akaiweka dirishani ikauke. Kamera ya hivyo ikifika kwa fundi inakuwa na magonjwa mawili, lile la kwanza na lile la tiba.

Mimi naamini kamera ya zamani inatengenezeka nyumbani, mezani, na mtu ambaye si fundi. Sababu nyingi za kukwama ni ndogo mno. Ila mtu huyo ajue kwanza kwa nini kamera imegoma, ndipo ashike bisibisi.

Na kabla hata ya hilo, kuna mkanda ndani? Swali hili watu hulisahau, nami hulikasirikia kweli kweli, kwa sababu kamera unaweza kununua nyingine lakini picha za harusi ya wazazi hazinunuliki. Zungusha taratibu kile kikono kidogo cha kurudishia mkanda, kufuata mshale wake. Ukihisi kinavuta kitu, kuna mkanda, na mgongo wa kamera usiufungue mchana. Bonyeza kitufe kidogo kilicho chini ya kamera, urudishe mkanda polepole mpaka usikie umelegea. Mara nyingi utagundua hapo hapo kwamba hakukuwa na ugonjwa wowote: picha 36 zilikuwa zimekwisha, mkanda umefika mwisho, na aliyevuta akadhani mashine imeshika. Mkanda ukikataa kurudi, ngoja usiku, ingia chumba kisicho na dirisha, ziba mwanga wa chini ya mlango, ufungue gizani na kuuzungushia karatasi ya alumini hadi usipitishe nuru hata kidogo.

Mkanda wa rangi wa miaka ya themanini bado una matumaini. Njia ya kuusafisha inayoitwa C-41 ilianza 1972 na inatumika hadi leo. Rangi zitakuwa zimefifia, lakini sura zinaweza kutoka. Mkanda wa Kodachrome, uliotengenezwa na Kodak, ndio habari mbaya, kwani maabara ya mwisho iliyousafisha kwa rangi zake, kule Kansas, ilifunga kazi hiyo mwishoni mwa 2010. Sasa hutolewa nyeusi na nyeupe tu.

Tukitoka kwenye mkanda, angalia ni kamera ya aina gani. Canon AE-1 ndiyo ninayoifahamu zaidi, na zipo nyingi makabatini. Ilitoka 1976, kamera ya kwanza ya SLR (zile unazochungulia kupitia lenzi yenyewe, kwa kioo kilicho ndani) kuendeshwa kwa maikroprosesa. Ukiitazama utadhani ni springi na gia tupu, lakini kinachoachia shata, yaani pazia linalofunguka kuingiza mwanga, ni sumaku ya umeme. Betri ikiisha, kifyatulio hakifanyi kitu. Na kwa kuwa shata ilishavutwa tayari, mkono nao hauendi. Kamera nzima inakuwa imeganda kwa sababu ya betri. Pentax K1000 ilitoka mwaka huo huo, na yake ni tofauti kabisa: betri ni ya kipima mwanga tu, ikiisha unaendelea kupiga picha. Olympus Trip 35 haina betri hata moja. Mwanga ukiwa hafifu, hupandisha kibendera chekundu kwenye tundu la kuchungulia na kukataa kufyatua. Watu huiita mbovu wakiwa nayo sebuleni, ilhali ukiitoa juani inapiga.

Kamera ya baba mdogo wangu ni AE-1. Niliikuta Tanga, kwenye sanduku la nguo, baada ya fundi mmoja kumwambia kwamba imekufa na hakuna vipuri. Mlango wa betri uko mbele, kando ya lenzi, nao ni wa plastiki inayovunjika upesi, hivyo niliufungua kwa kijiti cha meno badala ya bisibisi. Ndani betri ilikuwa imeota ukoko mweupe wenye kijani pembezoni. Betri ilisahauliwa humo miaka na miaka, ikavuja. Maji ya betri za alkali yana tabia ya magadi, kwa hiyo huzimwa na uchachu. Nilichovya kijiti cha pamba kwenye siki, nikakikamua mpaka kikawa na unyevu tu, nikagusa ule ukoko. Ulitoa povu dogo, ukalainika, na shaba ikaanza kuonekana. Nikafuta tena kwa spiriti ya duka la dawa, nikaacha pakauke kabisa.

Betri yenyewe inaitwa 4LR44, ya volti 6, na madukani kwetu haipatikani kirahisi. Jina lake linakwambia la kufanya. Chukua LR44 nne, zile za kikokotoo ambazo mafundi saa wanazo (pakiti nyingine zimeandikwa AG13), zipange moja juu ya nyingine zikitazama upande mmoja, uzizungushie karatasi ubavuni. Zitakuwa fupi kidogo, kwa hiyo kunja kipande cha karatasi ya alumini ukiweke mwishoni. Nilipofunga mlango na kubonyeza kitufe cha kupimia betri, sindano ndani ya tundu la kuchungulia ilishuka. Nikabonyeza kifyatulio, shata ikalia. Baba mdogo alikuwa chumba cha pili, akaja mbio akiuliza nimevunja nini.

Haikuishia hapo. Kioo cha ndani kilipanda na kikabaki juu, na hili nalo ni la kawaida kwa kamera za umri huu, hasa huku pwani. Juu ya kioo kuna utepe wa sponji unaopokea kishindo chake. Joto na unyevunyevu huila sponji hiyo ikageuka kitu kama lami, na kioo kikigusa hunasa. Hakuna haja ya kulazimisha chochote. Kishushe kwa kugusa ukingo wake tu, kisha ondoa sponji iliyooza kidogo kidogo kwa kijiti chenye spiriti, kamera ikiwa imeinamishwa uchafu usidondokee ndani. Uso wa kioo usiuguse. Utando wake unaoakisi umepakwa juu, si nyuma kama kioo cha kujitazamia, na ukiusugua unatoka. Badala ya sponji mpya nimeweka kitambaa laini cheusi, na kwenye mifereji ya mlango wa nyuma uzi mweusi wa sufu. Vinazuia mwanga vizuri tu.

Kuhusu mafuta, siyumbi. Usipulize WD-40 ndani ya kamera. Usiweke mafuta ya cherehani wala ya nazi. Shata ya AE-1 ni pazia la kitambaa, na mafuta hutambaa mpaka yalifikie. Kwenye kamera nyingine huingia katika visu vya lenzi, vile vipande vyembamba vinavyopanua na kubana tundu la mwanga, vikashikana. Leo itaonekana imelainika, kesho vumbi limeganda humo. Wapo mafundi wanaotia tone moja kwa ncha ya sindano mahali panapotakiwa, lakini wao wanapajua mahali hapo.

Skurubu pia zina siri yake. Kamera za Japani za wakati ule zina skurubu za nyota za kipimo cha Kijapani kiitwacho JIS, na bisibisi ya nyota ya kawaida haikai sawasawa, huteleza ikala kichwa. Tafuta ya JIS, hata kama itabidi usubiri wiki kadhaa kuletewa. Kifuniko cha chini unaweza kukifungua mwenyewe, ukakagua na kupangusa sumaku ya kuachia shata kwa kipande cha karatasi chenye spiriti. Piga picha kwa simu kila hatua. Kifuniko cha juu cha AE-1 kiache. Chini yake kuna utando mwembamba wa saketi, na ukiuchana umemaliza. Na zile kamera ndogo zenye flashi ya ndani usizifungue kabisa kama hujui umeme, kwani kapasita ya flashi huhifadhi takriban volti 300 hata betri ikiwa imetolewa.

Ikishaanza kulia, usikimbilie kuweka mkanda, maana siku hizi ni ghali. Toa lenzi, fungua mgongo, ielekeze kwenye anga jeupe na upige kwa kila kasi huku ukichungulia kwa nyuma. Kwenye sekunde 2 pazia likae wazi kweli. Kwenye 1/1000 ya sekunde uone mmweko wa fremu nzima, pasipo upande mmoja kuwa na giza. Upande ukiwa na giza, mapazia hayaendi sawa, na hiyo ndiyo kazi ya kumpelekea fundi. Umweleze na yote uliyokwisha kufanya, hata ile siki.