Hatimiliki safi, udongo mchafu

Asante mwandishi kwa habari hii ya magorofa yanayojengwa palipokuwa na gereji huku Eastlands, Nairobi. Nimeisoma mara mbili, maana yalinipata.

Nilinunua ploti ya futi 50 kwa 100. Upekuzi ofisi ya ardhi ulikuwa safi: hakuna deni, hakuna kesi. Vijana walipochimba msingi, futi nne hivi, udongo ukatoka mweusi kama makaa, unanuka dizeli. Mvua iliponyesha, maji shimoni yakawa na utando wa rangi rangi. Aliyeniuzia alikuwa ameshamwaga kifusi juu na kusawazisha. Aliniangalia usoni akaniambia ni ploti iliyokuwa ikilimwa mboga tu.

Jamani, upekuzi unakuonyesha mwenye ardhi, haukuonyeshi kilichomwagwa ndani yake. Kabla hujalipa, tafuta mtaalamu wa mazingira mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Achukue udongo sehemu kadhaa, tena kwa vina tofauti, si kijiko kimoja cha juu, apeleke maabara. Mwambie apime mafuta na risasi, yaani metali ya lead iliyomo kwenye betri, hasa kama palichomelewa au palivunjwa betri. Risasi haina harufu, na hudhuru ubongo wa mtoto.

Tuliona Owino Uhuru, Mombasa: kiwanda cha kuyeyusha betri, watoto wakaugua, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Hapa Nairobi kaunti idai ripoti ya udongo kabla ya kuidhinisha ramani yoyote ya nyumba palipokuwa gereji.