Sisplatini: tuipe bahati sifa kiasi gani?

Mjadala wa fedha za utafiti ukipamba moto, hakosekani mtu wa kumtaja Alexander Fleming na kuvu lake la mwaka 1928, lililomfikisha kwenye dawa ya penisilini kwa bahati. Hoja yake ni kwamba dawa kubwa huibuka zenyewe, kwa hiyo wanasayansi waachwe wafuate udadisi wao. Wapinzani hujibu kwamba fedha za umma hazitolewi kwa ajili ya kungojea ajali. Penisilini imetumiwa mno na pande zote mbili. Mimi naona sisplatini, dawa ya saratani, inazibana hoja hizo vizuri zaidi.

Barnett Rosenberg, mtaalamu wa fizikia, alikuwa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani. Alipotazama picha za seli zinazogawanyika, nyuzi za ndani zilimkumbusha chembe za chuma zinavyojipanga kuzunguka sumaku. Akajiuliza kama umeme unaweza kuathiri mgawanyiko huo. Akaanza na bakteria wa E. koli, akapitisha umeme katika mchuzi wa virutubisho walimooteshwa kwa kutumia elektrodi (vipande vya kupitishia umeme) za platinamu, metali inayosifika kwa kutoathiriwa ovyo na kemikali nyingine. Bakteria wakaacha kugawanyika, ila hawakufa. Waliendelea kurefuka, wengine hadi mara 300 ya urefu wa kawaida.

Umeme wenyewe haukuwazuia. Platinamu ile iliyodhaniwa haidhuriki ilikuwa ikilika kidogo kidogo na kuungana na amonia na kloridi zilizokuwa kwenye mchuzi. Moja ya kampaundi zilizotokea, ile iliyozuia mgawanyiko, haikuwa ngeni: ndiyo leo tunaiita sisplatini, na Mwitaliano Michele Peyrone aliitengeneza mwaka 1845. Kwa miaka 120 wanakemia waliijua bila yeyote kuifikiria kama dawa.

Hapa watetezi wa bahati wana hoja nzito, na sioni namna ya kuikwepa. Watafutaji wa dawa za saratani walikuwa wakichungulia zaidi kampaundi za kaboni. Metali nzito zilihesabiwa miongoni mwa sumu. Pendekezo la kuwadunga wagonjwa chumvi ya platinamu lingeonekana kichekesho mbele ya kamati yoyote. Hata Rosenberg asingeliandika, maana hakuwa akitafuta dawa.

Lakini tuangalie bahati ilikomea wapi. Iliwapa bakteria warefu, basi. Kumpata mhusika kulihitaji kuondoa sababu moja baada ya nyingine: joto, tindikali, umeme wenyewe, kisha kemikali moja moja. Wengine wangeosha vyombo na kuanza upya, kwa kuwa matokeo hayakujibu swali lililoulizwa. Matokeo ya bakteria yalichapishwa mwaka 1965. Kisha likaja wazo lisilo la bahati hata kidogo: kinachozuia seli kugawanyika bila kuiua papo hapo huenda kikafaa dhidi ya uvimbe. Mwaka 1969 kundi lake lilichapisha ushahidi kwamba kampaundi hizo zilidhibiti uvimbe katika panya.

Kwa binadamu dawa ilikaribia kukataliwa. Ilitesa figo, ikadhoofisha usikivu, na ilitapisha kuliko dawa nyingi za wakati huo. Kilichoinusuru ni kazi ya taratibu ya hospitalini: kumpa mgonjwa maji mengi kwa dripu ili kulinda figo, kupima vipimo vya dozi, kuichanganya na dawa nyingine. Lawrence Einhorn, daktari huko Indiana, Marekani, alianza mwaka 1974 kuiunganisha na vinblastini na bleomisini, dawa nyingine za saratani, kwa wagonjwa wa saratani ya korodani iliyosambaa, ugonjwa uliokuwa ukiua wengi wa vijana walioupata. Wengi wa wagonjwa wake uvimbe ulitoweka kabisa. Idhini ya matumizi nchini Marekani ilitolewa mwaka 1978.

Kuna kasoro nyingine katika hoja ya bahati, na husahaulika: tunahesabu ajali zilizozaa matunda tu. Maabara zimejaa matokeo ya ajabu yaliyofuatiliwa kwa miaka yakaishia kuwa uchafu wa chombo au kipimo kibovu. Hayo hayasimuliwi, kwa hiyo ajali huonekana kuwa na faida kuliko ilivyo.

Hata hivyo siwapi ushindi wapenda mipango. Mkataba wa fedha za utafiti unaodai majibu ya swali lililoandikwa tu ungeandika "umeme hauna athari" na kufunga jalada la Rosenberg. Kinachohitaji kulindwa ni nafasi ya mtafiti kubadili swali katikati ya kazi, na mikataba mingi haina nafasi hiyo.

Mipango nayo ilipata zamu yake. Wanakemia walitafuta kwa makusudi ndugu mpole wa sisplatini, wakapata kaboplatini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1989. Figo huivumilia zaidi, kutapika hupungua, na imechukua nafasi ya sisplatini katika matibabu kadhaa, yakiwemo ya saratani ya ovari. Kwa saratani ya korodani iliyosambaa majaribio ya kulinganisha yalionyesha matokeo hafifu zaidi ya kaboplatini, na hapo madaktari bado huandika ile ya kwanza.