Dakika mbili za regeksi

Wiki iliyopita nililetewa PDF ya kitabu cha zamani niitoe maandishi yake, yapangwe upya. Ukikopi, kila mstari unakatikia pale upana wa ukurasa ulipoishia, katikati ya sentensi. "Piga regeksi tu, dakika mbili," akasema jamaa mmoja kazini, akimaanisha ruwaza ya alama ya kutafuta na kubadilisha maandishi. Dakika mbili! Nimelala saa nane usiku.

Nilianza na maelezo ya kwenye mabano: \(.*\). Yaliyoanza mstari huu na kuishia ule wa pili yakabaki yalivyo. Eti nukta ni "herufi yoyote". Yoyote, ila ile inayofunga mstari. Nikaweka (?s), nukta ikubali na hiyo, na nyota (yaani "rudia kadiri uwezavyo") ikafakamia kila kitu, kuanzia bano la kwanza la kitabu hadi la mwisho. Kumbe ni .*? jamani, inayokomea bano la karibu.

Haya, nakubali: grep, programu ya kutafuta maandishi, husoma mstari mmoja mmoja, nukta ingekutana wapi na mstari mpya? Lakini lugha ya programu kama JavaScript kungoja hadi 2018 ndipo ipate hiyo s? Na Ruby, lugha nyingine, kuiita m, wakati kwingine m inagusa ^ na $ tu, yaani mwanzo na mwisho wa mstari? Aliyegawa herufi hizi nina deni naye.

Kilichoniuma hasa ni kuunganisha mistari. (?<!\n)\n(?!\n), yaani kila mwisho wa mstari (\n) usiopakana na mwingine, weka nafasi. Faili ilitoka Windows, yenye \r\n kila mwisho wa mstari, \r ikitenganisha \n na \n, kwa hiyo hata mistari mitupu ikamezwa; aya zote zikawa moja. Nikasafisha \r, nikarudia, ikapendeza. Kistari cha mwisho wa mstari nacho nikakifuta: "wana-" na "nchi" zikarudiana, ila "Kiswahili-Kiingereza" ikawa neno moja la ajabu.

Halafu nikafika kwenye tenzi.

Mistari minne ya kila ubeti, mizani nane nane, imelazwa chali kama aya ya gazeti. Vina vimezama katikati. Mstari uliokatwa na upana wa karatasi na mstari uliokatwa na mshairi, kwa mashine vyote ni \n. Hakuna alama ya siri utakayoongeza ikatofautisha. Yule aliyekata kwa kuhesabu mizani hakuacha ushahidi mwingine ila huo huo mkato. Nami nimeufuta kwa amri moja, tena kwa furaha.

Sasa nina kitabu chenyewe pajani, nahesabu kwa vidole. Jamaa wa dakika mbili kapita asubuhi kuuliza kama nimemaliza. Nimempa kurasa kumi azihesabu naye.